Phulpur Ziko Mbili: Njia ya Kwenda Mijwan kwa Akina Azmi

Anayetaka kufika Mijwan, kijiji cha wazee wa mwigizaji Shabana Azmi, ajue kwanza kwamba Uttar Pradesh, jimbo la kaskazini mwa India, lina Phulpur mbili. Mijwan iko kwenye Phulpur ya wilaya ya Azamgarh, na stesheni yake inaitwa Khorason Road. Wakala aliyenikatia tiketi Delhi hakuuliza wilaya. Akanipa Phulpur ya karibu na Prayagraj, ile iliyompeleka Nehru bungeni, akachukua na ada yake. Kutoka Phulpur hadi Phulpur ni kupita Jaunpur na Shahganj kwa treni ya abiria inayosimama kila kituo, mizigo mapajani, kisha kulipishwa bajaji bei ya mgeni.

Njia iliyo sawa ni Kaifiyat Express, inayotoka Delhi jioni na kulala njiani. Jina lake limetokana na Kaifi Azmi, baba yake Shabana. Nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla, na zinajaa upesi. Ukichelewa kuna tatkal, tiketi za dharura zenye bei ya juu: zinafunguliwa siku moja kabla, saa 4 asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi na saa 5 kwa yasiyo nacho. Tiketi yenye herufi WL ni ya kusubiri. Usiihesabu kuwa kitanda.

Kaifi, mshairi wa Kiurdu na mkomunisti, alirudi kijijini akiwa amepooza upande mmoja, akahangaikia barabara na shule ya wasichana. Mwaka 1993 alianzisha Mijwan Welfare Society, shirika la kukiinua kijiji. Alipofariki mwaka 2002, binti akaishika kazi.

Kwetu pwani filamu za Kihindi tunazijua kwa nyimbo, na Shabana yumo hata ndani ya Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977. Lakini uzito wake uko kwingine. Ankur ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Shyam Benegal, ilimpa tuzo ya taifa ya kwanza kati ya tano. Humo ni mtumishi wa kike, mke wa mfinyanzi bubu. Katika filamu ya Paar ni mjamzito anayeswaga nguruwe kuvuka mto, kwa kukosa kazi nyingine. Mwaka 1986 aligoma kula Bombay, Mumbai ya sasa, pamoja na wenzake, kwa ajili ya watu waliobomolewa vibanda, hadi wakaahidiwa ardhi mahali pengine. Kuanzia 1997 hadi 2003 alikaa Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India. Mimi naona filamu hizo na harakati hizo ni kazi moja.

Mijwan wanawake wanadarizi chikan, aina ya darizi ya mkono. Ua linagongwa kwa muhuri wa mbao wenye rangi ya kufulika, linashonwa kwa uzi wa pamba, kisha kitambaa kinafuliwa mpaka rangi itoke. Mshono wa bakhia unapigwa upande wa nyuma wa kitambaa chepesi, mbele ukaonekana kivuli tu. Uzi ukivutwa kupita kiasi, nguo inajikunja na haipigiki pasi ikanyooka. Kazi hizo mbunifu wa mavazi Manish Malhotra huzipeleka Mumbai, zikavaliwa na nyota wa filamu jukwaani. Kofia za vitundu za Zanzibar zinashonwa kwa ufundi usiopungua huo, nami natamani nyota wetu wazibebe hivyo, na mshonaji atajwe.