Kuficha kitabu juu ya kabati hakusaidii

Jamani kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Kumwambia mtoto wa miaka 7 "hiki bado, utakisoma ukikua" ni malezi tu, kila mzazi anafanya, ila kukitoa kitabu maktaba ili hata mtoto wa mwenzio mwenye miaka 16 asikione, hiyo ishu nyingine kabisa. Wangu nitawaangalia mimi, wako waangalie mwenyewe.

Marekani jambo hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu mwaka 1982, wanafunzi wa New York waliishtaki bodi ya shule yao, majaji wakagawanyika 5 kwa 4 na wanafunzi wakapata ushindi, hoja kubwa ikiwa bodi isitoe kitabu maktaba eti kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Kama kimejaa matusi au hakifai kielimu, hapo mlango uliachwa wazi (na ndo hapo mabishano hayaishi mpaka leo).

Zile lebo za umri nyuma ya kitabu nazo zinasaidia kidogo tu, maana kuna mtoto wa miaka 9 anasoma habari za vita na analala fofofo, mwenzie wa 12 anaota majinamizi wiki nzima.

Mimi nilishaficha kimoja juu ya kabati. Nikakikuta chini ya mto wa binti yangu, ukurasa umekunjwa kabisa. Tukakaa tukaongea, maswali mengine nikababaika, akanicheka.