Bahasha ya siku na mvua ya Kampala

Jana mtoto wa kaka kanipigia, anaenda Kampala kwenye mafunzo, miezi kibao, anauliza, "Shangazi, kwa siku elfu ishirini ya Uganda si inatosha?" Nikacheka kwanza. Ishirini ya lini baba, ya leo au ya 2018?

Mimi mwaka ule wa kozi niliishi kwa bahasha. Mutukula pale unabadilisha hela, shilingi yetu moja wakati ule walikupa moja na nusu na ushee ya kwao, unavuka mpaka unajiona tajiri, na utajiri wenyewe ukishuka kwenye basi Kampala umeisha. Kodi ya chumba Kireka nililipa mapema, iliyobaki nikaigawa, kila siku na bahasha yake, elfu ishirini, ikiisha imeisha. Teksi kwenda na kurudi (teksi kule ni hiace, yaani daladala zetu), katogo asubuhi (ndizi za kupikwa na utumbo), mchana kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage, chakula cha mtu mwenye hesabu zake, na roleksi jioni, chapati ya kuviringisha na mayai, kama bahasha bado inapumua. Halafu mia mbili ya serikali. Maana Julai ile ndio walianzisha kodi ya mitandao, mia mbili kila siku ndio WhatsApp ifunguke, mwezi elfu sita hiyo, na mimi niliiandika kwenye bahasha kabisa, chini ya nyanya. Siku nisipoilipa mama huko Bukoba anadhani nimekufa.

Ambacho sikukiandika popote ni mvua.

Jioni moja Old Taxi Park, mvua ile ya Kampala isiyobisha hodi, maji yanashuka na matope na maganda ya ndizi, watu wamebanana chini ya vibanda wameshika viatu mkononi. Asubuhi nimetoka Kireka kwa elfu moja mia tano. Sasa konda anaita "Kireka ssatu! Ssatu!" Watu wananung'unika kwa Kiganda lakini wanapanda. Kwenye bahasha nina elfu mbili, basi. Nilikuwa na buti za mvua na lile koti langu la kijani la mtumba wa soko la Owino, nimelowa mpaka kwenye mifupa, na hasira ikanijia kwa lugha ya nyumbani: "We kijana! Asubuhi buku jero, hiyo tatu umeitoa wapi?"

Kimya. Sijui nielezeje, teksi nzima ilinyamaza, hata yule aliyekuwa anaongea na simu. Konda akaniangalia buti, akaniangalia koti, akasema taratibu, "Ingia, afande."

Nilichelewa kuelewa, jamani. Kwenye makaratasi Kiswahili ni lugha yao rasmi ya pili tangu 2005, lakini mtaani wengi bado wanakisikia kama lugha ya askari, na wazee hawajasahau enzi za Amin. Mimi wa Bukoba nataka tu kufika nyumbani nikavue buti. Nikakaa. Nikatoa ile elfu mbili, akanirudishia mia tano kwa mikono miwili, "balansi yako afande," halafu akageukia wengine akawatoza tatu tatu, kila mmoja, bila aibu.

Sasa hapo ndio sijui. Ningesema kitu, labda wote wangepunguziwa, au labda ningeulizwa kitambulisho. Nikanyamaza na mia tano yangu. Huyu mtoto wa kaka nimemwambia abebe thelathini na tano kwa siku na aweke za mvua pembeni, hili la lugha sijamgusia kabisa, nahofia atalifanyia mazoezi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja na mkungu wa matoke magotini, kalipa tatu yake. Tumefika kituo cha Banda ndio akanigeukia, Kiswahili cha kuungaunga, akauliza kwa heshima kabisa bwana wangu yuko kambi gani.

Nikamwambia Mbuya. Na bwana mwenyewe sina.