Mpira Ulimfikia Mara Tisa

Siku ile maji ya bamvua yalikuwa yamepanda hadi pembe ya chini ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Unguja, kama ilivyo ada yake, kwani zamani pale palikuwa na hori la bahari. Mechi ya vijana, ngazi ya Junior, ikachelewa mpaka saa 10 na nusu. Mwanangu, miaka 12, alikaa pembeni akisubiri, jezi nambari 17 imemfika magotini.

Mwalimu wa Junior alimuona wiki mbili kabla akichezea timu yake ya Juvenile, ngazi ya watoto iliyo chini ya Junior, kafunga mabao matatu, akamwita. Nyumbani ikawa kama posa imekubaliwa. Mjomba wake alikwenda sokoni Darajani siku ile ile kumnunulia njumu, akachagua zilizozidi kwa saizi nzima ili mtoto akue nazo. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu hautulizi mpira. Nafasi mbele ya kidole isizidi upana wa kidole gumba. Lakini nani amwambie mjomba aliyetoa pesa yake?

Mimi nimewahi kufundisha vijana, na jicho la mzazi siliamini, langu likiwa la kwanza. Nilichukua daftari la hesabu la skuli nikapiga safu nne: mpira umemfikia, amejaribu kumpita mtu, ameurudisha nyuma, ameupoteza.

Kipindi cha kwanza cha dakika 35 mpira ulimfikia mara 9. Mara 7 aliurudisha kwa beki wake, moja aliutoa nje, moja akanyang'anywa. Safu ya kumpita mtu ilibaki nyeupe. Waliosimama karibu yangu wakamsifu: mtoto katulia huyu, hapotezi mpira. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mtoto wa umri ule asiyepoteza mpira, mara nyingi hajaribu kitu.

Kwenye Juvenile, kwa muda kama ule, nilimhesabia mara 41. Alijaribu kuwapita watu mara 13, akafanikiwa 6. Karibu nusu kwa nusu, na ndivyo ninavyopenda. Angefaulu mara 9 katika 10 ningejua ngazi ile imeshamuishia: angeshinda kwa mbio tu, mguu mmoja, kichwa chini. Akifaulu mara moja katika 10 huanza kujificha nyuma ya beki wa upinzani ili asipewe mpira. Dakika ya 20 nilimuona akijificha.

Ufundi hakuukosa. Mpira wa Junior ulikuwa saizi 5, gramu 410 hadi 450. Sisi mazoezini tulikuwa na saizi 4, gramu 350 hadi 390. Pasi yake ya kubadilisha upande ikafia njiani, mara mbili. Halafu mwili. Amezaliwa Novemba, na umri wa mpira huanza kuhesabiwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo hata kwa rika lake wapo wanaomzidi miezi kumi. Hawa wa Junior walikuwa na miaka 15, wameshaupita ule mwaka wa kurefuka ghafla, ambao wavulana wengi huupata karibu na miaka 13 na 14, na huweza kuongeza sentimita 8 au 9. Vijeba, wale waliopunguza umri ili wacheze na wadogo, siwataji. Kila kijeba ana cheti cha kuzaliwa kilichonyooka kuliko cha mwanangu.

Mapumziko nilimpa maji nikamuuliza: ulikuwa ukiusubiri mpira au ukiukimbia? Akaangalia njumu za mjomba. "Nilikuwa naomba usije, baba."

Nikamfuata mwalimu.

"Mwalimu, ahsante kwa kumuona. Ligi ikianza utampa dakika ngapi?"

"Ami, huyu akirudi Juvenile atalala. Mwache hapa aive. Dakika tutaona, ligi ngumu."

Hiyo "tutaona" naijua, nimewahi kuwapa wazazi mimi mwenyewe. Maana yake benchi. Mtoto asiyepata walau nusu ya mechi, jina la timu halimfundishi kitu. Na ratiba aliyonitajia ilikuwa mazoezi siku 3, juu yake mpira wa skuli, juu yake Juvenile, na chuoni kwenye Qur'ani nako hakuachwi. Mifupa inapokuwa mbioni kurefuka, mzigo kama huo huishia kwenye goti: uvimbe mdogo chini ya kifuniko chake, mtoto anachechemea akishuka ngazi.

Tulivutana mpaka filimbi ya kipindi cha pili. Tukakubaliana aje Junior Jumatano tu, mazoezini, azoee mpira mzito na kasi ya wakubwa bila ya kuogopa matokeo. Mechi zake abaki Juvenile, ila nimuombe mwalimu wa kule amtoe winga amuweke namba 8, kiungo wa kati. Kule pembeni mstari humlinda upande mmoja na mbio humuokoa. Katikati mpira humkuta kazungukwa, alazimike kugeuka, atumie na mguu wa kushoto, na atazame kabla haujafika. Ngazi ile ile, kazi ngumu zaidi.

Kipindi cha pili akakiangalia kutoka benchi. Mjomba alininunia mpaka Ramadhani. Jezi tuliirudisha Jumatano ya kwanza, imefuliwa, na njumu zikakaa juu ya kabati karibu mwaka mzima kabla hazijamtosha.