Nilivyochapa mistari ya molekuli kwa mhuri wa CD

Nilihitaji kiolezo cha kumiminia mhuri, chenye mistari iliyoachana kwa chini ya mikromita mbili, na mafundi mihuri wa Kariakoo hawachongi hivyo. Nikanunua CD tupu. CD ya kurekodia ina mfereji mmoja unaojizungusha kama koili ya mbu, na kutoka duru hadi duru ni mikromita 1.6. Nilibandua utando unaong'aa kwa selotepu, nikaosha rangi kwa spiriti, basi.

Njia si yangu. Watafiti Kumar na Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard waliieleza mwaka 1993: unamimina silikoni juu ya kiolezo, ikiganda unapata mhuri, unaupaka wino, yaani thioli (molekuli yenye salfa kichwani na mkia wa kaboni) iliyoyeyushwa katika ethanoli, unaugusisha kwenye dhahabu. Salfa ya thioli hung'ang'ania dhahabu, mikia ya kaboni hujipanga yenyewe, unapata tabaka la molekuli moja, unene kama nanomita 2.

Mara tatu nikaambulia patupu: dhahabu yote ilishika wino, mistari hakuna. Nikapunguza wino hadi milimoli 1 kwa lita. Wapi! Kumbe kosa lilikuwa mkononi. Mfereji wa CD hauna kina, na silikoni ni laini. Ukiibonyeza, hata sehemu zilizobonyea zinashuka kugusa dhahabu. Nami nilikuwa nagonga kama mjumbe anayegonga barua ya utambulisho.

Mara ya nne niliuacha mhuri ulale kwa uzito wake, sekunde 10, nikauinua kwa kibano. Palipobaki wazi nikapajaza thioli nyingine, yenye mkia wa asidi unaopenda maji.

Sasa utaonaje kitu cha nanomita 2 bila darubini ya maana? Ilikuwa Machi, na joto la Dar mnalijua. Nilitoka na kipande kilichochapwa kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi koridoni; miwani ikaingia ukungu, na kipande nacho. Ila chenyewe kiling'aa rangi za upinde wa mvua, kwa sababu umande ulikaa kwenye mistari ya asidi tu. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Kipande kingine sikukijaza. Nilikitumbukiza katika thaiosulfeti na ferisayanaidi, kemikali ambazo zikichanganywa hula dhahabu; dhahabu isiyo na kinga ikaliwa, ikabaki mistari yenye kimo cha nanomita 50. Pembeni kimebaki na alama ya kidole gumba changu, imechapika kuliko mistari yenyewe.