Kuzunguka Iceland kwa baiskeli: anza na upepo

Barabara Namba 1 ya Iceland inazunguka kisiwa kizima, kilomita 1,300 na ushei. Ukigawa kwa kilomita 70 za kila siku unapata siku 19, na wengi huishia hapo, wakakata tiketi ya wiki tatu. Hesabu hiyo haina siku hata moja ya upepo. Weka siku 25, nenda kati ya katikati ya Juni na katikati ya Agosti, na usiamue kulia au kushoto mpaka umeshatua. Barabara ni duara. Asubuhi ya kuondoka soma utabiri wa siku tano, kisha ushike upande ambao upepo utakuwa mgongoni.

Utabiri wa kuaminika uko vedur.is, na kasi ya upepo hutajwa kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Mita 8 za mbisho (upepo wa usoni), na kilo 20 kwenye keria, utakwenda kilomita 8 hadi 10 kwa saa kwenye tambarare, giya ndogo kabisa. Mita 15 ni kilomita 54 kwa saa: ukikupiga ubavuni unakusogeza katikati ya barabara, kwenye njia ya malori. Siku hiyo hema haling'olewi. Angalia pia neno hviður, yaani dharuba. Chini ya milima ya Öræfi na Eyjafjöll, upepo wa wastani unaweza kuonekana mdogo huku dharuba zikiwa karibu mara mbili yake, na dharuba ndiyo inayomwangusha mtu.

Chakula nacho kinataka hesabu. Kipande kigumu ni Reykjahlíð, kando ya ziwa Mývatn, hadi Egilsstaðir: kama kilomita 165 za nyanda za juu bila duka la maana. Kusini, Vík hadi Kirkjubæjarklaustur ni kama kilomita 73, sehemu kubwa mchanga mweusi na mawe ya volkano yaliyoota mimea midogo laini (moss). Huna pa kujikinga. Kwa hiyo beba chakula cha siku mbili zaidi ya unachodhani kinatosha: oti, tambi, siagi ya karanga, na samaki mkavu wa huko, harðfiskur, ambaye mla papa wa Pwani hatamshangaa. Bónus na Krónan ndiyo maduka ya bei nafuu. Duka la kituo cha mafuta ni la dharura. Maji ya bomba la baridi ni safi kabisa, usinunue ya chupa. Ya moto yananuka yai viza kwa sababu mara nyingi yanatoka ardhini na salfa yake, ila kwa kuoga hayana neno.

Baiskeli yenyewe: tairi za upana wa milimita 40 hadi 50, rimu zenye spoki 32 au 36. Spoki zinazokatika mara nyingi ni za gurudumu la nyuma, upande wa giya, maana zinavutwa zaidi kuliko za upande wa pili. Chukua nne za urefu huo hasa (pande mbili hazilingani urefu) pamoja na kifaa cha kung'olea giya za nyuma. Bila hicho spoki mpya haiingii tundu lake. Mchanga wa volkano unakula pedi za breki kama msasa, hivyo beba jozi mbili. Cheni ifute kila jioni kabla ya kutia mafuta, la sivyo mafuta na mchanga vinageuka tupa. Tyubu mbili, viraka, sulusheni.

Kwenye kufungasha kwa ndege, pedeli ya kushoto huwatoa watu jasho. Nyuzi zake ziko kinyume: kuifungua unazungusha spana kinyume na ulivyozoea, yaani kufuata mwendo wa saa. Anayeilazimisha upande mwingine anaikaza zaidi, na mwisho anaharibu mkono wa pedeli. Ipake grisi kabla ya kuirudisha.

Vigingi vifupi vya hema havishiki kwenye mchanga. Chukua vya sentimita 20 au zaidi, na elekeza upande mwembamba wa hema kwenye upepo. Gesi hairuhusiwi ndegeni, utanunua huko. Chagua mtungi wenye mchanganyiko wa propani, kwani butani tupu hukataa kugeuka mvuke baridi ikikaribia nyuzi 0. Kambi ya Reykjavík ina rafu ya mitungi iliyoachwa na wanaoondoka, nayo hulipiwi.

Handaki la Hvalfjörður, kwenye Barabara Namba 1 kaskazini ya Reykjavík, limekatazwa kwa baiskeli. Zunguka kwa barabara namba 47, kama kilomita 60. Magari ni machache, na kusema kweli ni afadhali kuliko barabara kuu. Njia zinazoanza na herufi F, za milimani zisizo na lami, ni habari nyingine: nyingi hufunguliwa kati ya mwishoni mwa Juni na Julai, na F26 ina mito isiyo na madaraja. Mto wa barafu huvukwa asubuhi mapema, kabla jua halijayeyusha barafu na kuujaza.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani au Sweden hahitaji viza nyingine kwa matembezi mafupi. Kibali cha Uingereza hakihesabiki. Walioko Ulaya wanaweza pia kupanda meli ya Norröna kutoka Hirtshals, Denmark, hadi Seyðisfjörður. Ukishuka tu bandarini unapokewa na mlima wa mita 600 hivi kabla ya kufika Egilsstaðir, kwa hiyo kula kwanza.

Waliokuja kwa ndege, boksi la baiskeli msilitupe. Omba kuliacha mahali utakapolala usiku wa mwisho, andika jina na tarehe ya kurudi pande zote mbili, na weka ndani yake utepe wa gundi wa kutosha kulifunga tena.