Siku flashi ilipochomolewa

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya megabaiti 512, na humo ndani ilikuja na mfumo endeshi wa Windows Vista. Aliyewahi kukutana na mchanganyiko huo hahitaji maelezo. Vista ilikubali kukaa na 512, ila kufanya kazi lilikuwa suala jingine. Ukifungua waraka na kivinjari kwa pamoja, taa ndogo ya diski ngumu inaanza kupepesa, mwishowe inawaka mfululizo, na wewe unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado inawaka.

Ilikuwa 2007 na nilikuwa na ripoti ya kuandika. Kila nilipochomeka flashi, kilifunguka kidirisha chenye mstari ambao siku zote niliupita: ongeza kasi ya mfumo kwa ReadyBoost, kipengele cha Vista kilichoazima nafasi ya flashi ili kuharakisha kompyuta. Siku hiyo niliubofya. Flashi yangu ikakataliwa. Vista haikupokea flashi yoyote tu. Iliipima kwanza, kama inasoma vipande vya kilobaiti 4 kwa angalau megabaiti 2.5 kwa sekunde, na kuandika vya kilobaiti 512 kwa 1.75. Yangu, niliyopewa bure, haikufika hata karibu.

Mdogo wangu alikuwa na ya gigabaiti 2. Nikaiazima "kwa siku mbili", siku mbili zikawa wiki tatu. Hiyo ikafaulu mtihani, nikaipa gigabaiti moja na nusu na kumwachia yeye kilichobaki. Programu nilizozizoea zikaanza kufunguka haraka kidogo. Kidogo, nasema, lakini mimi nilitangaza kwa kila aliyenisikiliza kwamba laptopu yangu sasa ina RAM ya gigabaiti 2. Nilipoangalia sifa za kompyuta bado ilisoma 512. Nikajiambia itakuwa inakosea kuhesabu.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti, nikiwa ukurasa wa 23, akaingia.

"Kaka, naomba flashi yangu, kuna rafiki ananipa nyimbo."

"Subiri nim—"

Alishaichomoa. Nilipiga kelele ambayo sijivunii. Kichwani mwangu nilishaona skrini ya bluu, ripoti imepotea, na nusu ya akili ya mashine ikiondoka imefungwa kwenye ngumi yake. Yeye akanitazama, akatazama flashi, akasema, "Kwani mbona ilikuwa inapepesa tu?" Akaondoka.

Skrini haikugeuka bluu. Kishale kiliendelea kupepesa palepale kwenye ukurasa wa 23. Taa ya diski ikarudia ukali wake wa zamani, nikahifadhi faili mara tatu mfululizo, mikono ikitetemeka, kisha nikakaa kujiuliza nimekuwa nikijisifia nini wiki zote hizo.

Ile flashi haikuwahi kuwa RAM. Ilibeba nakala tu. Kila kilichoandikwa mle kilikuwepo pia kwenye diski ngumu, ndiyo maana kuichomoa hakukuvunja kitu. Faida yake ilikuwa kwenye vipande vidogo vilivyotawanyika. Diski ngumu ina mkono unaosogea, na kufikia kila kipande huugharimu milisekunde kadhaa, hata kumi. Flashi haina cha kusogeza. Faili kubwa lililopangwa mfululizo diski hulisoma vizuri zaidi, kwa hiyo kazi hiyo Vista iliiachia diski. Na RAM yangu ilikuwa 512 kama ilivyokuwa ikisema siku zote, masikini, nami nikiituhumu kwa kutojua hesabu.

Ripoti niliimaliza alfajiri, kwa mwendo wa zamani.

Mdogo wangu alirudi mchana akiwa na malalamiko. Kwenye flashi yake kumejaa faili moja linaloitwa ReadyBoost, gigabaiti moja na nusu, na kila kompyuta ya rafiki yake waliyoijaribu imeshindwa kulifungua. Nikaanza kumweleza kwamba halifunguki kwa sababu limesimbwa kwa njia ya siri iitwayo AES, ya biti 128, kusudi flashi ikiibwa mwizi asisome kumbukumbu za mwenye kompyuta. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa, kaka. Tumeshalifuta. Zimeingia nyimbo karibu mia tatu."