Cheti cha mhudumu rika: saa 500 hupotelea wapi

Mtu aliyepata nafuu kutoka kwenye uraibu au ugonjwa wa akili, akataka cheti cha mhudumu rika, yaani cha kuwasindikiza wengine wanaopita njia hiyohiyo, mara nyingi huanza kwa kuuogopa mtihani. Kwa Marekani, ambako vyeti hivi vimeenea, kinachochelewesha wengi zaidi ni daftari la saa za kazi.

Kila jimbo lina masharti yake. Vipo hata hivyo viwango vya IC&RC, muungano wa kimataifa wa bodi zinazotoa vyeti, vinavyofuatwa na bodi nyingi za majimbo: saa 46 za darasani, ambapo 16 ni za maadili, na 10 kwa kila moja ya sehemu tatu zilizobaki, yaani utetezi, ulezi na elimu, kisha upataji nafuu na ustawi. Juu ya hapo kuna saa 500 za kazi, ya mshahara au ya kujitolea, na saa 25 za kusimamiwa. Mwisho ni mtihani wa maswali 75 ya kuchagua jibu. Majimbo mengine yana mafunzo na mtihani wao wenyewe, kwa hiyo soma mwongozo wa bodi ya jimbo lako kabla hujalipia kozi yoyote. Kozi nzuri isiyotambuliwa na bodi ni pesa iliyomwagika.

Kwa nini msimamizi anasisitizwa hivyo? Fuata hela. Mwaka 1999 Georgia ilianza kulipia huduma hii kupitia Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo. Agosti 2007 serikali kuu ikayaandikia majimbo yote masharti ya malipo hayo: mhudumu rika awe na msimamizi, kazi yake iingie kwenye mpango wa matunzo wa mteja, na awe amefunzwa na kuthibitishwa. Sahihi ya msimamizi wako imesimama juu ya masharti hayo.

Sasa hesabu. Ukifanya kazi saa 20 kwa wiki, saa 500 ni wiki 25. Saa moja ya kusimamiwa kila wiki inakufikisha kwenye 25 bila kukimbizana. Andika siku ileile: tarehe, muda, ulichofanya, na kinaingia sehemu ipi kati ya zile nne. “Nilikaa na mteja” haitoshi. “Dakika 50, nilimsaidia mteja kujaza fomu ya makazi, utetezi” inatosha, na jina la mteja halitajwi. Pata sahihi kila mwezi. Anayengoja mpaka mwisho hukuta msimamizi ameshahama kazi, na miezi minne imebaki bila shahidi. Kosa jingine ni kuhesabu kikao cha wafanyakazi wote kama usimamizi, au kuingiza saa za kufagia na kuendesha gari. Kumlea mwenzako katika kikundi cha hatua 12, yaani cha kusaidiana kuacha uraibu kama Alcoholics Anonymous, ni jambo jema, ila hakuhesabiwi.

Kwenye mtihani, majibu ya mtego huwa ya aina mbili. Moja linasikika kama la daktari: mweleze mteja ana ugonjwa gani, mshauri apunguze dawa. Jingine linasikika kama la mtu mwenye bidii kupita kiasi: mpeleke kwenye njia iliyokuponya wewe. Tafuta jibu linalouliza mteja anataka nini, linalomsikiliza, au linalompeleka kwa mwenye utaalamu. Waliopona kwa kuacha kila kitu hujikwaa hasa kwenye methadoni, dawa inayotumika kutibu uraibu wa heroini na mfano wake. Mteja anayeitumia kwa maelekezo ya kliniki yuko kwenye safari ya kupona, na si kazi yako kumharakisha aiache. Usiri nao una mipaka: anayesema atajiua leo, habari yake haifichwi kwa msimamizi. Mweleze hilo siku ya kwanza, asije akaona umemsaliti.

Namba yako binafsi ya simu, mikopo, lifti za usiku: hapo ndipo malalamiko mengi ya maadili huzaliwa, na huanza kwa huruma tupu.

Limebaki suala la hadithi yako, ambayo ndiyo zana ya kazi. Iandae ya dakika tatu, na iegemee kilichokusaidia. Aina ya dawa ya kulevya, kipimo, jinsi ulivyoitumia, vyote viache nyumbani, maana vinaweza kumwamshia hamu anayekusikiliza. Kabla ya kufungua mdomo jiulize habari hii inamfaa nani. Ukiona mteja ndiye anayekufariji, umeshapitiliza. Rudisha mazungumzo kwake kwa swali, na jambo lenyewe ulipeleke kwenye saa yako ya usimamizi wiki hiyohiyo. Huko pia ndiko pa kusema, mapema, kwamba umeanza kuyumba.